Muamala "unaweza kurudiwa". Na nani?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Morogoro. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo yenye mfumo wa kukusanya ada za shule kwa simu. Shule inakuwa na programu yake ya hesabu, programu ile inaita API yetu (mlango ambao programu nyingine hupitia kuzungumza na mfumo wetu), sisi tunampelekea mzazi ombi la kuweka namba ya siri kwenye simu yake, na hela ikishakatwa tunaitumia shule taarifa. Mimi nimepewa mwongozo wa waprogramu, zile kurasa anazosoma mtu anayetaka kuunganisha programu ya shule na mfumo wetu. Mwongozo uko kwa Kiswahili kwa sababu wanaounganisha si kampuni kubwa za Dar. Wengi ni vijana waliomaliza chuo juzi, au mwalimu wa kompyuta ambaye shule imemwangushia na kazi hiyo.

Mwongozo wenyewe niliukuta. Aliuandika mkuu wetu wa kitengo, kaka mmoja anayeujua mfumo huu kuliko mtu yeyote pale ofisini, na kazi yangu ni kuuhuisha. Kwenye sehemu ya malipo kuna sentensi hii:

"Muamala usiopata jibu ndani ya sekunde 30 unaweza kurudiwa."

Kijana mmoja anayehudumia shule ya bweni aliisoma, akaiandika programu yake isubiri sekunde 30, na isipopata jibu itume ombi tena. Kila inapotuma ilikuwa inatunga namba mpya ya kumbukumbu. Siku ya kufungua shule mtandao ulikuwa mzito. Mama mmoja akaletewa ombi la kuweka namba ya siri, akaweka, Sh 350,000 ikakatwa. Muda si mrefu likaja lingine, jina la shule lile lile, kiasi kile kile. Akadhani la kwanza limegoma, akaweka tena. Ikakatwa tena. Hela yake ilirudi, lakini baada ya simu nyingi, na siku ile alishindwa kupata hata nauli ya kumpeleka mtoto shuleni.

Kijana alituandikia kwa adabu kabisa, akasema sentensi ile ilimpoteza na akaomba tuibadilishe. Nikaipeleka kwa kaka. Akaisoma, akasema: "Sentensi ni sahihi. Muamala kweli unaweza kurudiwa. Na kwenye jedwali la chini tumeandika namba ya kumbukumbu isibadilike. Shida ni kwamba watu hawasomi."

Nikawauliza wenzangu wawili wa ofisini wanavyoielewa. Mmoja akasema maana yake mfumo wetu unarudia wenyewe. Mwingine akasema ni onyo kwamba malipo yanaweza kuingia mara mbili. Na wote wanakaa meza moja na aliyeiandika!

Mjomba, nina maswali matatu. Kwanza, sentensi ikiwa sahihi, basi kosa ni la msomaji? Pili, naibadilishaje bila kuonekana mtoto wa jana anamsahihisha mkubwa? Kaka namheshimu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Tatu ni dogo: kwenye ripoti tumeandika "miamala ya kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 31" na "siku hufungwa saa 6 usiku". Wahasibu wa shule mbili wamelalamika kwamba tarehe ya mwisho wa mwezi haina kitu. Hilo ni la maneno au la mfumo?

Wako,
Mhuisha Mwongozo, Morogoro

JIBU

Marahaba mpwa wangu. Na huyo mama, kama bado mnawasiliana naye, mpe pole yangu.

Swali la kwanza ndilo kubwa, ngoja nilikalie. Kaka yako hajakosea aliposema sentensi haina uongo. Lakini mtu anayefungua mwongozo wa waprogramu hajaja kutafuta ukweli kuhusu mfumo wenu. Amekuja kuandika msimbo, sasa hivi, na mwongozo ameufungua nusu ya kioo huku nusu nyingine anaandika. Kwa hiyo sentensi ya mwongozo naipima kwa swali moja tu: aliyeisoma ataandika nini? Tuipime ya kwenu.

Kijana wa shule ya bweni aliisoma kama ruhusa. Muamala unaweza kurudiwa, basi naruhusiwa kuurudia. Akaandika: subiri, tuma tena. Mwenzako wa kwanza ameisoma kama sifa ya mfumo. Huyo angekuwa ndiye mwunganishaji asingeandika chochote, angekaa kusubiri mfumo urudie wenyewe, na ombi lililopotea njiani lingepotea moja kwa moja. Wa pili ameisoma kama tahadhari, na yeye angeandika sehemu ya kukagua malipo yaliyoingia mara mbili. Sentensi moja, programu tatu zisizofanana, na wote watatu Kiswahili wanakijua vizuri. Hapo neno la "watu hawasomi" halina pa kushika. Wamesoma.

Chanzo ni maneno mawili. "Kurudiwa" imemficha mtendaji. Kwenye mazungumzo haina neno, nikikwambia mlango umefungwa utamwona aliyefunga au utaniuliza. Ila mfumo wenu una pande nne: programu ya shule, seva yenu, kampuni ya simu, na mzazi. Katika mwongozo wa namna hiyo kila kitenzi cha kutendwa lazima kiulizwe "na nani?" kabla hakijaruhusiwa kukaa. Na hiyo "unaweza" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu imebeba ruhusa, uwezo na uwezekano wa jambo kutokea, vyote kwa pamoja, na msomaji anachukua kimoja bila kujua kuna vingine viwili.

Kuna na visivyosemwa kabisa. Sekunde 30 zinahesabiwa tangu lini, tangu shule itume ombi au tangu simu ya mzazi ilie? Na "jibu" ni lipi? Kwa ulivyonieleza, nadhani mfumo wenu unajibu mara mbili: papo hapo unasema ombi limepokelewa, kisha mzazi akishaweka namba ya siri unaleta matokeo. HTTP yenyewe, yaani kanuni ambazo programu hutumia kuzungumziana mtandaoni, inayatenga haya mawili. Kuna namba ya jibu 202, maana yake ombi limekubaliwa kushughulikiwa lakini kazi haijakwisha. Kama "jibu" la kwenye sentensi yenu ni yale matokeo ya mwisho, basi sekunde 30 hazimtoshi hata mzazi anayetafuta miwani.

Lililomgharimu yule mama, hata hivyo, ni jingine: sentensi inaruhusu kudhani kwamba kimya ni sawa na kushindwa. Ombi huenda limepotea likiwa linakwenda, na hapo hakuna kilichofanyika. Au limefika, hela imekatwa, na kilichopotea ni jibu likiwa linarudi. Aliyeko upande wa shule hawezi kuzitofautisha hali hizi kwa kutazama saa. Ndiyo maana kiwango cha HTTP kinachotumika sasa, RFC 9110 cha mwaka 2022 (RFC ni nyaraka za wanaoandika viwango vya intaneti), kinasema programu isirudie yenyewe ombi la aina ya POST, yaani la kupeleka taarifa ili seva izishughulikie, na bila shaka ombi lenu la malipo ni POST, isipokuwa iwe na njia ya kujua kwamba kurudia hakuongezi kitu, au kwamba ombi la kwanza halikutekelezwa. Njia hiyo kwenu ni namba ya kumbukumbu. Ikibaki ile ile, seva inaweza kutambua kwamba haya ni malipo yale yale. Ikibadilika, kwa seva ni mzazi mwingine kabisa anayelipa ada nyingine.

Na sharti hilo mmelificha kwenye jedwali la chini. Ni kama bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×3 mbele, halafu nyuma kwa herufi ndogo "usinywe kabla ya kula". Mwambie kaka, kwa upole, kwamba mprogramu hausomi mwongozo kuanzia juu hadi chini. Anatafuta neno, anatua katikati ya ukurasa, anasoma sentensi moja, ananakili mfano, anaondoka. Sharti ambalo likivunjwa hela ya mtu inapotea linakaa ndani ya sentensi ile ile inayoruhusu jambo, au linaitangulia.

Akikataa bado, mpe kisa cha `rstrip`, amri moja ya lugha ya programu ya Python. Ni kisa ninachokipenda kwa sababu kule maelezo hayakuwa na utata hata kidogo. `rstrip` inaondoa herufi za mwisho wa neno. Ukiipa `'.jpeg'` haiondoi mkia wa ".jpeg". Inachukua nukta, j, p, e na g kama mkusanyiko, inafuta yoyote kati ya hizo kutoka mwisho mpaka ikutane na herufi isiyomo. Jaribu mwenyewe: `'picha.jpeg'.rstrip('.jpeg')` inakupa `'picha'`, unafurahi, unapeleka kazini. Kesho mtu anapakia `'sherehe.jpeg'` na unapata `'shereh'`. Maelezo rasmi yalikuwa yanasema wazi kwamba hicho unachokipa si kiambishi cha mwisho, na watu waliendelea kujikwaa miaka nenda rudi, wakiripoti hitilafu ambayo haikuwa hitilafu. Mwishowe waliotengeneza Python waliacha kubishana. Toleo la 3.9, Oktoba 2020, likaja na `removesuffix` na `removeprefix`, ambazo zinafanya kile watu walichokuwa wanadhani `rstrip` inafanya. Hawa wangeweza kusema "someni vizuri" kuliko kampuni yoyote ya Morogoro, na bado wakaona njia ya kumaliza tatizo ni kuwapa watu amri mpya yenye jina linalosema inachofanya.

Wengine hawana nafasi hiyo. Kwenye HTTP kuna agizo la `no-cache`, na ukimwuliza mprogramu yeyote mchanga atakwambia linakataza kivinjari kuhifadhi nakala. Halikatazi. Linaruhusu kuhifadhi, ila nakala isitumike kabla ya kuiuliza seva kama bado inafaa. La kukataza kuhifadhi ni `no-store`. Jina hilo limeshaenea mtandao mzima, hakuna wa kulibadilisha, na kila mwandishi wa mwongozo analazimika kuongeza sentensi ya kulifafanua. Ninyi mna sentensi moja kwenye ukurasa mmoja. Badilisheni wakati bado ni rahisi.

Hata hili la "unaweza" halijaanza na ninyi. Wanaoandika viwango vya intaneti waliliona mapema, na Machi 1997 Scott Bradner wa Harvard akaandika waraka mfupi, RFC 2119, wa kufafanua maneno machache tu: lipi ni lazima, lipi linashauriwa na linaweza kuachwa kwa sababu ya msingi, lipi ni hiari. Mwaka 2017 ikabidi itoke nyongeza, RFC 8174, kusema kwamba maneno hayo yana maana ile maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Yaani watu waliojenga intaneti walihitaji nyaraka mbili kukubaliana maana ya "lazima". Nanyi fanyeni hivyo, ukurasa wa kwanza wa mwongozo, mistari minne inatosha: LAZIMA, INASHAURIWA, HIARI, MARUFUKU. Msizitapanye, waraka wenyewe wa 1997 unaonya zitumike kwa uangalifu na kwa uchache. Mwongozo ambao kila mstari una LAZIMA unasomeka kama tangazo la kituo cha basi. Na "unaweza" ipigeni marufuku kabisa. Ruhusa iwe "unaruhusiwa", uwezekano uwe "huenda", uwezo utajeni kwa kitenzi chenyewe.

Sasa sentensi. Mimi ningeiandika hivi:

"Usipopata jibu la seva yetu ndani ya sekunde 30 tangu ulipotuma ombi la malipo, usihesabu kwamba malipo yameshindikana. Huenda mzazi ameshaweka namba ya siri. Kwanza uliza hali ya malipo kwa namba ya kumbukumbu uliyotumia. Ukijibiwa kwamba malipo hayo hayapo, unaruhusiwa kutuma ombi tena, na ni LAZIMA utumie namba ile ile ya kumbukumbu. Ombi lenye namba mpya ni malipo mapya: mzazi ataombwa tena namba ya siri na atakatwa mara ya pili. Mfumo wetu haurudii ombi la malipo wenyewe."

Ni ndefu, najua. Kaka atasema imekuwa hadithi. Mwulize ni kipande gani kinaweza kutolewa bila mtu kukatwa hela mara mbili. Mimi nimejaribu kuipunguza na kila nilichotoa kilirudi. Chini yake weka mfano wa msimbo, na katika mfano huo namba ya kumbukumbu itungwe mara moja tu, nje ya kitanzi cha kurudia. Hilo usilidharau, kwa sababu wengi watanakili mfano bila kusoma maneno yangu wala yako.

Lakini usithubutu kubandika aya hiyo kabla hujaijaribu. Nimeandika mfumo *unavyopaswa* kufanya kwa maelezo ya barua yako, mfumo wenyewe sijauona. Fungua mazingira ya majaribio, tuma ombi mara mbili kwa namba moja ya kumbukumbu, utazame simu ya majaribio inapata ombi moja au mawili. Kata mtandao katikati, uulize hali. Ikitokea kwamba seva inapokea namba ile ile na bado inampelekea mzazi ombi la pili, basi wewe na kaka mna kazi nyingine kabisa, na hakuna ufundi wa maneno utakaoifunika. Kwa uzoefu wangu nusu ya sentensi zenye utata kwenye miongozo ziko hivyo kwa sababu hata aliyeandika hakuwa na uhakika mfumo unafanya nini pale.

Hapo ndipo swali lako la pili linapokuwa rahisi. Usimwendee kaka na suala la Kiswahili. Mkienda kubishana sentensi ni sahihi au si sahihi, atashinda, maana ni sahihi. Mwendee na swali la mfumo: "Kaka, samahani, nisaidie. Shule isipopata jibu, kitu cha kwanza unataka programu yao ifanye nini?" Kisha nyamaza, uandike anavyosema. Nakuhakikishia hatasema "muamala unaweza kurudiwa". Atasema, "Waulize hali kwanza, halafu wasinibadilishie namba." Hiyo ndiyo sentensi yako, na ameitoa yeye. Mpelekee rasimu, mwambie nimeandika ulivyonielekeza, na hujamdanganya. Jina lake kama mwandishi wa mwongozo libaki pale pale.

Usiyafanye haya kwenye kikao, wala usiitupe sentensi kwenye kundi la WhatsApp la ofisi na kuwaita watu waje waone. Mkubwa aliyesahihishwa mbele za watu anatetea hata nukta.

Na rasimu ikiwa tayari, ipeleke kwa waprogramu wawili watatu wa nje, wa kwanza akiwa yule kijana. Amewafanyia kazi bure, na kumwomba asome ni shukrani nzuri kuliko "asante kwa maoni yako". Ila usiwaulize "mmeelewa?" Kwetu sisi swali hilo lina jibu moja. Mtu atasema ndiyo hata kama hajaambulia kitu, asionekane mzito au asikuvunje moyo. Waambie wakuonyeshe mistari ya msimbo ambayo wangeandika baada ya kuisoma. Wakileta kitu kimoja, imekaa. Wakileta viwili, rudi mezani.

Jambo jingine litakalokuondolea lawama siku za mbele: iombe timu ihesabu sentensi yenye utata kama hitilafu, ipewe tiketi kama hitilafu yoyote ya mfumo. Mradi wa Python unapokea hitilafu za maelezo kwa njia ile ile inayopokea za msimbo. Kurasa za MDN, zile za maelezo ya teknolojia za wavuti, ambazo najua unazifungua kila siku kwa ajili ya JavaScript, zina kiungo kule chini cha kuripoti tatizo la ukurasa. Mambo yakiwa na tiketi, anayeripoti "mstari huu unasomeka kwa namna mbili" hajamgusa mtu.

La tatu umeliita dogo, na mimi nadhani ni maneno na mfumo, vyote viwili vimeshikana. Mtu aliyeandika ripoti alisoma "kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 31" akaliandika kwenye hifadhidata kama lilivyo:

`WHERE muda BETWEEN '2025-01-01' AND '2025-01-31'`

BETWEEN (yaani "kati ya") inajumlisha ncha zote mbili, kwa hiyo inaonekana salama. Lakini safu ya muda ikiwa na saa ndani yake, `'2025-01-31'` inasomwa kama tarehe 31 saa 00:00, sekunde ile siku inapoanza. Aliyelipa siku hiyo saa 2 asubuhi yuko nje. Kwa hiyo tarehe 31 nzima haimo, wahasibu wako wamesema kweli. Mkarabati wa msimbo aandike kuanzia 1 Januari, na iwe *kabla ya* 1 Februari, kwa alama ya `>=` upande wa kwanza na `<` upande wa pili. Nawe kwenye mwongozo uandike vivyo hivyo, "kuanzia 1 Januari saa 00:00, kabla ya 1 Februari saa 00:00". Neno "hadi" liache litumike kwenye mialiko.

"Saa 6 usiku" nayo iondoe kwenye mwongozo huo, ingawa ni Kiswahili safi. Saa 6 usiku ya tarehe 31, ni ile inayoanza tarehe 31 au inayoimaliza? Mtangazaji wa redio angesema "usiku wa kuamkia tarehe 1" na kila mtu angeelewa. Mprogramu mpe 00:00 pamoja na ukanda wa saa, UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC. Ukanda usiuache, kwa sababu seva nyingi zimewekwa kwenye UTC, na usiku wa manane wa UTC huku kwetu ni saa 9 usiku. Seva yenu ikiwa hivyo na hakuna aliyebadilisha, malipo ya saa tatu za kwanza za tarehe 1 yanahesabiwa mwezi uliopita, na hilo wahasibu bado hawajaligundua.

Ukiwa umeshafungua ukurasa huo, tazama na kigezo cha kiasi. Kuna mifumo ya malipo inayotaka shilingi na kuna inayotaka sehemu ndogo kabisa ya sarafu. Kwa kiwango cha ISO 4217 shilingi ya Tanzania na ya Kenya zina desimali mbili, ya Uganda haina, faranga za Rwanda na Burundi hazina. Kijana aliyewahi kuunganisha mfumo wa aina ya pili anaweza kukutumia 500000 akimaanisha shilingi elfu tano. Andika: kiasi ni shilingi nzima, bila senti, bila mkato, 5000 ni shilingi elfu tano.